Kompaila ya C imekwenda wapi kwenye Debian 12?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Niko Gungu, Kigoma mjini. Nimeweka Debian 12 kwenye laptopu ya zamani yenye RAM ya GB 2, kwa flashi niliyoletewa na rafiki kutoka Dar. Nataka kujifunza C. Kitabu nilichonacho kinasema Unix huja na kompaila yake (programu inayogeuza msimbo ulioandikwa kuwa programu inayoendeshwa), lakini nikiandika cc au gcc naambiwa "command not found". Intaneti yangu ni bando la simu tu. Je, nihamie mfumo mwingine wa bure ambao kompaila imo ndani? Na nikibaki hapa, nifanyeje nisimalize bando?

Jibu: Usihame, ndugu yangu. Hakuna kilichoharibika. Kitabu chako hakikudanganya, ila kinaizungumzia Unix ya zamani (mfumo ambao Debian imeuiga), ya wakati ambapo mwenye mashine ndiye aliyeiandikia programu na mfumo ulitoka pamoja na zana za kuujenga upya. Baadaye wauzaji wa Unix za kibiashara waliitoa kompaila kwenye kapu. Kampuni ya Sun, kwa mfano, mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilipoleta Unix yake ya Solaris 2 iliifanya kompaila kuwa bidhaa ya kununuliwa peke yake. GCC, kompaila ambayo Richard Stallman aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1987, ilipata wateja wengi kwa sababu hiyo: ilikuwa bure na watu walikuwa wameachwa bila kitu.

Debian haiuzi chochote, lakini kila kitu chake ni pakeji inayojitegemea, na kompaila ni pakeji mojawapo. Kisakinishi hukuwekea zile za lazima pamoja na zile ulizochagua. Mtu anayetaka kuandika barua na kusikiliza muziki hahitaji gcc, kwa hiyo hapewi mpaka aombe. FreeBSD, mfumo mwingine wa bure, wao wana desturi nyingine: mfumo wa msingi ni kitu kimoja kinachoweza kujijenga chenyewe, hivyo kompaila imo humo humo. Tangu toleo la 10 la mwaka 2014, amri ya cc kwenye mashine za kawaida za Intel na AMD ni Clang (kompaila nyingine ya bure), na tangu toleo la 13 la mwaka 2021 GCC ya zamani haimo kabisa kwenye msingi. Ilikuwa imekwama kwenye 4.2.1, kwa kuwa matoleo yaliyofuata yalitoka chini ya leseni ya GPL ya tatu ambayo wao hawakuitaka ndani ya msingi. OpenBSD, mfumo wa ukoo huo huo, nayo inayo kompaila, katika fungu ambalo jina lake huanza na comp na kumalizika na .tgz. Ukilitoa alama wakati wa kusakinisha ili kuokoa nafasi, utakutana na "not found" ile ile unayoiona sasa.

Kwa nini basi nakuzuia kuhama? Kwa sababu kompaila utaipata siku ya kwanza, halafu wiki nzima itaishia kwenye mambo mengine: Wi-Fi ya laptopu ya zamani, mazingira ya skrini (desktop) ya kujijengea mwenyewe, na Makefile za watu, yaani faili za maelekezo ya kujenga programu ambazo amri ya make huzisoma. Nyingi kati ya hizo zimeandikwa kwa make ya GNU, wakati make ya FreeBSD ni nyingine na huzikataa mpaka uweke gmake. Hata anayeandika gcc huko anaambiwa haipo, anatakiwa aandike cc. Ni mfumo mzuri, lakini anayejifunza C kwa bando la simu hana haja ya kubadili nyumba kwa ajili ya sufuria moja.

Sasa tuje kwenye kazi. Watu wengi huomba pakeji inayoitwa build-essential, na hiyo huleta gcc, g++ ya C++, make, libc6-dev na dpkg-dev. Kwa C peke yake huhitaji yote. Ingia kwanza kama root, yaani msimamizi wa mfumo. Kama wakati wa kusakinisha ulimpa root nywila, sudo (amri ya kuazima mamlaka ya root) haitakukubali, kwa hiyo tumia:

su -

Ule mstari mdogo si urembo. Ukiandika su peke yake, njia za /usr/sbin haziingii, na baadaye dpkg, fundi anayesakinisha pakeji, italalamika kwamba haioni ldconfig wala start-stop-daemon, ikatae kuendelea. Kisha:

apt update
apt install --no-install-recommends gcc libc6-dev make

Kabla ya kupakua chochote, apt hukuonyesha inachotaka kuvuta na nafasi itakayochukua kwenye diski, halafu inasubiri ujibu Y. Soma hapo. Kwa mpangilio huu mzigo ni MB 50 hivi. Kwa build-essential pamoja na C++ bado hauvuki MB 100. Apt update yenyewe, kwa mashine ambayo haijawahi kufanya hivyo, hula MB kumi na kitu au zaidi za orodha za pakeji. Chomeka simu kwa waya wa USB, washa ushirikishaji wa intaneti kwa USB, na Debian yenye mazingira ya desktop huitambua simu kama kadi ya mtandao bila dereva wa ziada. Kwa bando la siku moja unamaliza.

Angalia kwamba nimeitaja waziwazi libc6-dev, pakeji yenye faili za heda, zile zinazoorodhesha kazi za maktaba ya C. Hapa ndipo wabanaji wa bando wanapoanguka. Katika Debian, gcc inaipendekeza tu libc6-dev, haiilazimishi. Ukiandika --no-install-recommends gcc ukaishia hapo, kompaila itakuja, gcc --version itajibu vizuri kabisa, na programu yako ya kwanza itakufa kwa "fatal error: stdio.h: No such file or directory". Kompaila bila faili za heda za maktaba ya C haiwezi kujua printf ni nini. Na hata ungeandika programu isiyo na heda hata moja, linka (inayounganisha vipande kuwa programu moja) ingekosa crt1.o, kile kipande kinachoanzisha programu kabla ya main, nacho pia kinakaa ndani ya libc6-dev.

Kama bando haliruhusu hata hizo MB 50, kuna njia mbili za kufanya mzigo upitie kwingine.

Ya kwanza ni orodha. Mashine yako ikishafanya apt update, iambie itaje anwani za faili bila kuzipakua:

apt-get -y --no-install-recommends --print-uris install gcc libc6-dev make | cut -d\' -f2 | grep ^http > orodha.txt

Utapata mistari kama thelathini, kila mmoja ni anwani ya faili ya .deb. Ipeleke kwa flashi mahali penye intaneti nzuri, chuoni au ofisini kwa mtu, au hata kwenye simu yenye Termux (programu ya kuandika amri kwenye Android) iliyounganishwa Wi-Fi ya wenyewe, na utumie wget -c -i orodha.txt. Hiyo -c inaiwezesha wget kuendelea pale ilipokatikia mtandao ukipotea katikati. Rudi na faili zote, ziweke kwenye folda yake, kwa mfano /root/deb, ingia humo na uandike:

apt install --no-install-recommends ./*.deb

Wengine huwaelekeza watu kuzitupia ndani ya /var/cache/apt/archives na kuiacha apt izikute. Mara nyingi haizikuti. Pakeji ya gcc ina namba ya ziada mbele ya toleo lake, 4 na nukta mbili, na ndani ya ghala apt huitafuta kwa jina lenye %3a, wakati faili iliyopakuliwa kwa mkono haina alama hiyo. Utaiona apt inaanza kupakua upya gcc ambayo tayari iko mbele ya macho yako. Kwa ./*.deb jina la faili halina maana, apt inasoma yaliyomo ndani.

Njia ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi kwa mtu wa Kigoma: DVD ya kwanza ya Debian 12, ile faili ya ISO (nakala ya diski nzima) inayokaribia GB 4. Humo mna gcc, g++, make na mengine mengi, na ni mzigo ambao abiria wa treni kutoka Dar au Tabora anaubeba mfukoni. Mwambie anayekupakulia alete na faili ya SHA512SUMS, yenye alama za kuhakiki kwamba ISO haijabadilika, kisha linganisha kwa sha512sum kabla ya kuiamini. Flashi ya FAT32 haipokei faili moja ya kufika GB 4, kwa hiyo ikiikataa ISO, badili fomati. exFAT inafaa. Ukishaiweka ISO kwenye diski yako:

mkdir -p /mnt/dvd
mount -o loop,ro debian-12-DVD-1.iso /mnt/dvd

Jina la faili liandike kama lilivyo kwako, huwa lina namba za toleo. Halafu fungua /etc/apt/sources.list, weka alama ya # mbele ya mistari yote iliyomo, ukianza na ule wa "deb cdrom:" unaokudai uingize diski kila mara, na uongeze mstari huu (bookworm ni jina la Debian 12):

deb [trusted=yes] file:/mnt/dvd bookworm main

Neno trusted=yes linahitajika kwa sababu orodha iliyo ndani ya DVD haina sahihi ya kidijitali kama iliyoko mtandaoni. Ndiyo maana nilitaka ulinganishe ile sha512sum kwanza. Baada ya hapo apt update na apt install havigusi bando hata kidogo.

Kuna sharti moja, na ndilo linalowachosha watu wanaochanganya vyanzo. Libc6-dev hutaka libc6 (maktaba ya C yenyewe) ya toleo lile lile hasa, hadi herufi ya mwisho. Tuseme uliwahi kuunganisha intaneti na Debian ikajisasisha kimyakimya: libc6 yako sasa ni mpya kuliko ya DVD. Ukiomba libc6-dev kutoka DVD utasomewa "unmet dependencies", kwamba libc6-dev inataka libc6 ya namba fulani lakini iliyopo ni nyingine, na mwisho "you have held broken packages". Hakuna pakeji uliyoivunja. Ni matoleo mawili yasiyopatana. Usilazimishe kwa dpkg --force, utakuja kuuharibu mfumo mzima, kwani karibu kila programu inaitegemea libc6. DVD ikiwa ni mpya kuliko mfumo, hakuna tatizo, apt itaipandisha libc6 na kuleta mwenzake. Mfumo ukiwa mpya kuliko DVD, rudi kwenye njia ya orodha. Na pakeji za Ubuntu, mfumo uliotokana na Debian, zisikanyage humo kabisa, hata kama jirani anazo na zinaishia .deb.

Umesema flashi ni ya kupewa, kwa hiyo hakikisha ni 12 kweli: cat /etc/debian_version. Nimewahi kuletewa maswali kama lako yakiwa na Debian 9, ambayo pakeji zake zilishahamishiwa archive.debian.org, na apt update inajibu 404 kila mstari. Ikiwa hivyo, sakinisha upya. Na kama prosesa ni ya biti 32, 12 ndiyo ya mwisho yenye kisakinishi chake, toleo la 13 halina tena kisakinishi cha mashine za aina hiyo.

Kosa lingine la laptopu za zamani linaonekana kama la mtandao kumbe ni la saa. Betri ndogo ya CR2032 iliyo kwenye ubao ikifa, kila unapozima mashine tarehe hurudi miaka nyuma, na apt update inasema "Release file is not valid yet". Faili hiyo ina tarehe ya kuanza kutumika, na kwa mashine yako tarehe hiyo bado haijafika. Rekebisha kwa date -s "MWAKA-MWEZI-SIKU SAA:DAKIKA", na kumbuka kwamba saa mbili asubuhi unaiandika 08:00. Aliyeandika 02:00 ameirudisha mashine nyuma saa sita, na hizo zinaweza kutosha kuifanya apt igome bado. Saa ikiyumba hivyo make nayo hulia "Clock skew detected", kwa kuwa inaamua cha kujenga upya kwa kulinganisha muda wa faili.

Umeme ukikatika katikati ya kusakinisha, usianze upya. Ikiwaka, andika dpkg --configure -a, kisha apt --fix-broken install.

Jaribu sasa, ukiwa umetoka kwa root. Andika faili salamu.c:

#include <stdio.h>
int main(void) { printf("Habari ya Kigoma\n"); return 0; }

Halafu:

gcc -Wall -o salamu salamu.c
./salamu

Hiyo ./ ni lazima, kwa sababu ganda la amri halitafuti programu kwenye folda uliyomo. Usiipe programu yako ya kwanza jina la test. Ukisahau ./ utaita amri ya test ya ganda lenyewe, itanyamaza, na utakaa nusu saa ukitafuta kosa ndani ya msimbo usio na kosa. -Wall nayo izoee tangu leo, inakufunulia makosa ambayo gcc vinginevyo ingeyapitisha kimya.

Usifanyie kazi moja kwa moja kwenye flashi. Nyingi ni za FAT, ambako ruhusa ya kutekeleza faili haishiki: utapata "Permission denied" na chmod +x haitasaidia. Nakili kwenye folda yako ya nyumbani. Ukija kutumia sqrt au sin, linka itakuambia "undefined reference to `sqrt'", na dawa ni -lm mwishoni mwa amri: gcc -Wall -o mzizi mzizi.c -lm. Mwishoni, kwa sababu kwenye Ubuntu na baadhi ya mifumo maktaba ikitangulia huachwa kabla haijahitajika. Usishangae sqrt(16.0) ikipita bila -lm na sqrt(x) ikagoma. Ya kwanza gcc huikokotoa yenyewe wakati wa kukompaili, kwa hiyo linka haiioni.

Usijenge programu kwenye kompyuta ya mtu yenye mfumo mpya ukatarajia ifanye kazi kwako. Debian 12 ina glibc (ndiyo ile maktaba ya C) 2.36, Ubuntu 24.04 ina 2.39. Programu iliyojengwa kule inaweza kukuambia "version `GLIBC_2.38' not found". Kinyume chake hupita: iliyojengwa kwenye ya zamani huendeshwa kwenye mpya. Beba msimbo, ukompaili nyumbani.

Kwa RAM ya GB 2, mazoezi ya C hayatakusumbua. C++ kubwa itasumbua. Ukiona "Killed signal terminated program cc1plus", kumbukumbu imeisha na kiini cha mfumo kimeiua kompaila. Jenga kwa make -j1, na uongeze faili ya swapu (nafasi ya diski inayosaidia RAM), kwa root:

fallocate -l 2G /swapfile
chmod 600 /swapfile
mkswap /swapfile
swapon /swapfile

Itakwenda polepole, lakini itamaliza. Swapu hiyo hudumu hadi utakapozima mashine. Ukitaka irudi yenyewe, ongeza mstari wake kwenye /etc/fstab.

Kuhusu Clang, ipo Debian pia kwa apt install clang, ila mzigo wake ni mkubwa kuliko wa gcc na kwa C ya kujifunzia hutaona faida ya kutosha kulipia bando. Ninachokushauri kwa udogo ni tcc, kompaila ndogo iliyoanzishwa na Fabrice Bellard, ambayo ni sehemu ndogo sana ya mzigo wa gcc. Inahitaji libc6-dev vilevile. Kwa tcc -run salamu.c inakompaili na kuendesha hapo hapo bila kuacha faili. Haina uboreshaji wa kasi na maonyo yake ni machache, kwa hiyo iwe ya majaribio ya haraka, gcc ibaki ya kazi.

Ongeza na manpages-dev. Ile --no-install-recommends iliiacha nje, nayo ni MB chache tu. Ukiwa nayo, man 3 printf na man 3 fopen zinakufungulia maelezo ya kila kazi ya maktaba ya C hata bando likiwa limekwisha. Ziko kwa Kiingereza kavu, lakini sehemu za mwisho zenye mifano zinasomeka. Na kama umetumia njia ya orodha, usizifute zile .deb thelathini: mwenzako wa Ujiji au Kasulu mwenye Debian 12 ya amd64 (biti 64) kama yako anaweza kuzitumia kama zilivyo, mradi libc6 yake iwe ya toleo lile lile, jambo analoliangalia kwa dpkg -l libc6.